Mlango wa mbele umebana juu na kuachia chini baada ya kubadilisha vizingiti: nianze wapi kupanga paneli?

Kizingiti_Kipya

Wakuu salaam. Nina sedan ya milango minne ya miaka ya 1970, ya aina isiyo na chasi ya peke yake; sakafu na bodi ni kitu kimoja. Vizingiti (mihimili ya bodi iliyo chini ya milango) vya pande zote vimebadilishwa. Upande wa kushoto mguu wa nguzo ya kati ulikuwa umeliwa na kutu, ukakatwa na kuchomelewa kipande kipya. Sasa bodi iko chuma kitupu, injini na giaboksi viko nje, vioo vyote vimetolewa, gari limekaa juu ya stendi nne.

Kulia mianya inaridhisha, 4.5 hadi 5.5 mm kote. Kushoto ndiko kwenye balaa:

– Kati ya mlango wa mbele na wa nyuma: juu karibu na paa 2 mm, katikati 5, chini 8.
– Mlango wa nyuma na ubavu wa nyuma: juu 5, kisha unabana kadiri unavyoshuka kuelekea tao la gurudumu hadi kubaki 2. Mstari wa bodi (mkunjo wa bati unaopita ubavuni) wa mlango huu umepanda karibu 5 mm kuliko mstari wa ubavu.
– Mlango wa mbele na fenda: juu 8, chini 6. Fenda ni mpya, si ya kiwanda kilichotengeneza gari.
– Ukingo wa juu wa fenda umepanda 3 mm kuliko mlango, na kona ya nyuma ya boneti upande huohuo imeinuka 5 mm.

Bolti za bawaba za mlango wa mbele zimeshasukumwa nyuma hadi mwisho wa matundu yake nikijaribu kupunguza ule mwanya wa chini. Je, nikunje bawaba, niweke shimu (vibati vyembamba vya kujazia), au tofauti hii inamalizwa na fila (ute wa kupaka unaogandia kwenye bati)? Na mwanya sahihi ni milimita ngapi?

---

Nguzo_Tatu

Mkuu, weka spana chini kwanza. Mianya ya namna hiyo haitoki kwenye bawaba.

Sikiliza mlango wa nyuma, maana huo hujaugusa. Wa mbele umeshausogeza, kwa hiyo ushahidi wake umechafuka. Mlango wa nyuma unaning'inia kwenye nguzo ya kati. Bawaba zikichoka, mlango hushuka mkia, yaani ukingo wake wa nyuma. Wako umepanda mkia, na umebana chini. Maana yake bawaba ya chini imerudi nyuma kuliko ya juu. Na bawaba ya chini iko jirani na mguu wa nguzo, ambao ndio uliokatwa.

Hesabu inakubali. Chukua nguzo yenye urefu wa kama 1100 mm kutoka ukingo wa paa hadi kizingiti. Juu imeshikwa na paa, haikuguswa. Mguu ukichomelewa 6 mm nyuma ya mahali pake, nguzo nzima inalala. Bawaba mbili zilizoachana 380 mm zitapishana karibu 2 mm. Mlango wa nyuma wenye urefu wa 900 mm unazidisha tofauti hiyo: 2 × 900 ÷ 380 ni kama 4.7. Hiyo ndiyo 5 yako kwenye mstari wa bodi.

Sasa rudi mbele. Mlango wa nyuma ulipolala pamoja na nguzo, mwanya kati ya milango ulibaki 5 juu na ukawa 11 chini. Wewe ukasukuma mlango wa mbele nyuma 3 mm, ukapata 2 juu na 8 chini, na fenda ikaachwa peke yake na mwanya wa 8. Yaani kosa moja limegawanywa sehemu tatu.

Usikate kwa maneno yangu, pima:

1. Fungua mlango wa mbele robo, shika mkia wake, inua na ushushe bila kulazimisha. Angalia pini za bawaba, siyo mlango. Pini ikicheza 0.5 mm tu, mkia wa mlango wa 1050 mm utacheza karibu 1.4 mm. Mchezo ukizidi 2 mm mkiani, badilisha pini na bushi kabla ya kupima chochote kingine, la sivyo unapima uchakavu.

2. Toa milango yote ya kushoto na kulia. Pima upana wa kila uwazi kwa mlalo, mara mbili: usawa wa chini ya kioo, na 50 mm juu ya kizingiti. Tumia alama ambazo kiwanda kiliziweka pande zote mbili, kwa mfano tundu la bolti ya bawaba au kona ya mkunjo wa bati. Usipime kutoka kwenye kitu kilichochomelewa juzi.

3. Pima mshazari zote mbili za kila uwazi kwa fimbo ya kupimia yenye ncha mbili zinazoteleza. Tepu ya kawaida inapinda, na hapa tunatafuta milimita mbili tatu.

Linganisha kushoto na kulia. Tofauti ya hadi 2 mm unaweza kuimaliza kwa bolti. Ikifika 3 au zaidi, hiyo ni kazi ya chuma.

---

Pimamaji

Naunga mkono, ila kabla hajapima: hizo stendi ziko wapi? Gari la aina hii likiwekwa stendi chini ya vizingiti katikati, pua na mkia vinashuka. Zikiwekwa kwenye ncha kabisa, tumbo linashuka. Ziwe chini ya ekseli au pale mikono ya saspenshoni inapofungwa, kwa sababu ndipo gari linapobebwa maisha yake yote. Kisha chukua mpira mwembamba unaoonyesha, ujaze maji, upime sehemu nne za sakafu ambazo kiwanda kilizifanya ziwe usawa mmoja. Tofauti isizidi 2 mm kona kwa kona. Gari lililopotoka kama kamba iliyosokotwa litakupa mshazari wa uongo upande mmoja, na kinyume chake upande wa pili.

Jambo la pili ni uzito. Pua bila injini na giaboksi imekuwa nyepesi. Kwenye sedan yenye paa la chuma tofauti ni ndogo, lakini kwenye gari la wazi juu inaonekana kwa macho. Kama injini hairudi sasa, weka mifuko ya mchanga yenye uzito unaokaribiana juu ya mihimili ya injini. Milango nayo ipimwe mwisho ikiwa na kioo, mashine ya kioo na kitasa chake. Mlango mtupu ukipangwa sawasawa, ukija kuvishwa vitu vyote mkia hushuka 1 hadi 2 mm, na hapo rangi imeshapigwa.

---

Kizingiti_Kipya

Stendi zilikuwa chini ya vizingiti, nimezihamishia kwenye saspenshoni na kusawazisha kwa maji. Mchezo wa bawaba mkiani ni chini ya 1 mm. Vipimo vya upana wa uwazi wa mbele:

Usawa wa kioo: kulia 1012, kushoto 1015.
Juu ya kizingiti: kulia 968, kushoto 974.

Uwazi wa nyuma, juu ya kizingiti: kulia 742, kushoto 736. Mshazari wa uwazi wa mbele kushoto, kutoka bawaba ya juu hadi kona ya chini nyuma, umezidi wa kulia kwa 4 mm.

---

Nguzo_Tatu

Basi jibu umelipata mwenyewe: uwazi wa mbele umezidi 6 chini, wa nyuma umepungua 6 palepale. Mguu wa nguzo umerudi nyuma 6 mm. Hakuna shimu itakayoondoa hiyo. Utahamisha tu kosa kutoka mlango mmoja kwenda mwingine.

Kuirudisha:

Funga gango kwanza, yaani mabomba ya muda ya kushikilia bodi isihame. Bomba la mraba 25 × 25 mm lenye unene wa 2 mm linatosha. Moja litoke nguzo ya mbele kushoto hadi nguzo ya mbele kulia, lingine litoke nguzo ya mbele hadi ubavu wa nyuma, likipita ndani ya nguzo ya kati bila kuishika. Yote yakae upande wa ndani wa gari, nyuma ya mahali raba ya mlango inapokaa, ili milango iweze kufungwa huku gango likiwa ndani. Watu wengi huweka gango katikati ya uwazi, kisha wanashindwa kujaribu mlango hadi walitoe, na wakilitoa bodi inahama.

Toboa nukta za kuchomelea zinazoshika mguu kwenye kizingiti kwa biti ya kukatia nukta ya 8 mm. Toboa bati la juu peke yake, la chini libaki zima. Kama kipande kipya kiliungwa kwenye nguzo kwa mshono wa moja kwa moja, mshono huo uache. Unachotaka kuachia ni mguu na kizingiti tu. Sealanti ya zamani ikwangue, vinginevyo mguu utakuwa umeachia na bado hausogei.

Sukuma kwa jeki ndogo ya kulala ndani ya uwazi wa nyuma, ubao mgumu pande zote mbili, sambamba na kizingiti na chini kabisa. Chuma kina tabia ya kurudi, kwa hiyo sukuma 7 hadi 8 mm, achia, pima. Ukipata 968 na 742, bana kwa klampu za kujifunga mbili au tatu.

Sasa ning'iniza milango yote miwili kabla ya kuchomelea. Bolti za bawaba za mlango wa mbele zirudishe katikati ya matundu. Funga milango. Mianya ikielekea kuwa sawa juu na chini, hata kama haijawa mizuri, piga nukta nne za kushikiza, pima tena, ndipo ujaze matundu. Idadi ya matundu isipungue ile ya nukta za kiwandani. Ruka huku na huku: moja mbele, moja nyuma, moja ndani. Ukijaza mfululizo upande mmoja, joto linauvuta mguu kurudi ulikotoka, na mara nyingi kosa la kwanza lilitokea hivyohivyo.

Jaribu mashine kwenye mabaki ya bati la unene uleule, kisha yachane kwa patasi na nyundo. Tundu lililochomelewa vizuri litang'oa bati lenyewe. Nguzo hii inabeba pini ya kufuli ya mlango wa mbele, bawaba za mlango wa nyuma na, magari mengi, mkanda wa abiria. Siyo sehemu ya kuchomelea kwa sura tu.

---

Pimamaji

Ukishapata nguzo, mpangilio wa kazi unatoka nyuma kwenda mbele, kwa sababu ubavu wa nyuma umechomelewa na hausogei. Mlango wa nyuma unapangwa kufuata ubavu, kizingiti na ukingo wa paa. Mlango wa mbele unafuata mlango wa nyuma. Fenda inafuata mlango wa mbele. Boneti inafuata fenda zote mbili na paneli iliyo chini ya kioo cha mbele. Uso wa mbele, taa na bampa ndio mwisho. Anayeanza na fenda kwa sababu ndiyo imekaa vibaya zaidi, atairudia.

Kabla ya kusogeza bawaba, toa ile pini ya kufuli iliyo kwenye nguzo. Ikiwepo, kitasa huunyanyua au kuushusha mlango unapofungwa, na unaishia kupanga mlango kufuata pini. Ondoa pia raba zote. Chora mstari mwembamba kuzunguka kila bawaba kwa ncha ya chuma ili ujue umesogea kiasi gani.

Legeza bawaba moja tu kwa wakati, na usiilegeze kabisa. Iwe imebana kiasi kwamba mlango unasogea ukisukumwa kwa kiganja. Weka jeki yenye ubao na kitambaa chini ya mkia wa mlango. Kanuni ya kukumbuka ni ileile ya hesabu ya juu: mlango wa 1050 mm wenye bawaba zilizoachana 380 mm, ukisogeza bawaba moja 1 mm mbele au nyuma, mkia unapanda au kushuka karibu 2.8 mm. Ndiyo maana shimu ya 0.5 mm si kitu kidogo. Shimu nyuma ya bawaba ya chini huinua mkia. Nyuma ya bawaba ya juu huushusha. Hii ni kwa bawaba zinazobana kwenye uso wa nguzo unaotazama nyuma. Kama zako zinabana kwenye uso wa nje wa nguzo, shimu zitausogeza mlango nje na ndani, na mbele na nyuma utaipata kwenye matundu marefu. Angalia kwanza ni zipi.

Ukimaliza mwanya, nenda kwenye usawa wa uso. Pitisha kiganja na rula fupi kwenye kila kiungo. Ukingo wa mbele wa mlango wa mbele uwe sawa na fenda au uingie ndani hadi 1 mm. Ukitokeza nje, upepo utaupiga na kupiga mluzi. Ikitokea kona ya juu ya mkia iko sawa na ya chini imetokeza 3 au 4 mm, hiyo si bawaba, ni mlango umejipinda. Weka kipande cha mbao laini kati ya mlango na nguzo kwenye kona ya juu, funga mlango juu yake, kisha sukuma kona ya chini kwa goti. Polepole, ukipima kila mara. Mlango wa chuma unakubali, ila ukisukuma bila kujizuia unakunja bati la nje karibu na mpini.

---

Tupa_Bapa

Nijibu swali la fila na la milimita.

Magari ya miaka hiyo yalitoka kiwandani na mianya ya 4 hadi 6 mm, na tofauti ya 1 mm kwenye mwanya mmoja ilikuwa kawaida. Jicho halisumbuliwi sana na mwanya mpana, linasumbuliwa na mwanya unaoanza mpana na kuisha mwembamba. Afadhali 5 mm kote kuliko 3.5 inayokwenda 5. Wanaotafuta 3 mm kwenye gari la zamani wajue mlango hauendi nje moja kwa moja, unazunguka: ukingo wake wa mbele huingia nyuma ya fenda unapofunguka. Mwanya ukiwa mwembamba mno, ukingo utagusa rangi ya fenda mlango ukiwa nusu wazi. Fungua na kufunga taratibu na karatasi nene katikati kabla hujaridhika.

Kwenye chuma kitupu lenga 0.5 mm zaidi ya unachotaka mwishoni. Praima ya epoksi, praima nene iliyosuguliwa, rangi na vanishi kwa pamoja hufika 0.2 hadi 0.3 mm kwa kila ukingo, na kila mwanya una kingo mbili. Kipimo chako kiwe shina la biti ya kutobolea: 4, 4.5, 5 na 5.5 mm. Ipitishe kwenye mwanya wote, itie alama kwa kalamu pale inapokwama na pale inapocheza.

Mwanya mpana uliobaki baada ya bolti kuisha hujazwa kwa chuma. Kwa TIG (uchomeleaji wa fimbo ya kujazia inayoshikwa kwa mkono) tumia fimbo ya 1.6 mm kwenye ukingo wa pindo. Kwa MIG (mashine inayolisha waya yenyewe) tumia waya wa 0.6 mm na piga nukta nukta, kila moja 50 mm kutoka mwenzake, ukirudi kujaza katikati zikishapoa zenyewe. Usimwage maji, bati litakunjamana. Kisha tupa bapa, halafu msasa wa 80 uliozungushiwa kijiti kilichonyooka.

Mwanya mwembamba ndio wa hatari. Pindo la mlango ni tabaka tatu: bati la nje, fremu ya ndani, na bati la nje lililokunjwa nyuma yake. Bati lina unene wa kama 0.8 hadi 0.9 mm. Ukisaga ukingo zaidi ya nusu ya unene huo, umekata mkunjo, na bati la nje limeachana na fremu hata kama bado linaonekana zima. Mara ya mia mlango unapobamizwa, rangi inapasuka kwa mstari. Ukihitaji 1 mm, lifunge pindo vizuri kwa nyundo na fuawe ya mkono; mapindo mengi hayakubanwa hadi mwisho, na yale yaliyoingiwa na kutu yamevimba. Ukihitaji 2 mm, saga hadi upite mkunjo kwa makusudi, kisha chomelea ukingo upya kwa TIG, vipande vya 10 mm, ukiruka ruka.

Fila? Usoni mwa paneli hadi 2 au 3 mm, sawa. Kwenye ukingo, 1 mm ndio mwisho, na iwe ya kusawazisha, siyo ya kutengeneza umbo.

---

Gango

Hapo kwa fila ya ukingoni naona umebana sana. Zipo fila za epoksi zenye unga wa chuma ambazo zinashika ukingoni vizuri kuliko fila ya kawaida, hasa pale joto la kuchomelea lingeharibu bati refu la boneti.

---

Tupa_Bapa

Kwenye boneti na buti nakubali, zinafungwa kwa upole na zina vishikizo vya raba. Kwenye mlango na kwenye ukingo wa fenda unaotazamana nao, hapana. Kule kuna mshtuko, na fenda inatetemeka.

---

Chasi_Ngazi

Samahani kwa kuingilia. Gari lililo na chasi yake na bodi inayokaa juu ya raba je? Mianya yangu ya juu imebana pande zote mbili, chini imeachia, na nguzo hazijawahi kukatwa.

---

Pimamaji

Pande zote mbili sawasawa, na nguzo hazijaguswa: bodi imelala tumbo. Kwenye gari la chasi mara nyingi ni raba za katikati zilizosagika huku za mbele na nyuma zikiwa bado na unene. Ukiinua bodi chini ya milango, uwazi unafunguka juu. Ukiinua pua, unafunga juu. Kwa hiyo badilisha raba zote kwa pamoja kwanza. Kisha legeza bolti zote za bodi, gari likiwa juu ya magurudumu yake, na ongeza shimu za 1.5 mm kwenye sehemu zilizo karibu na katikati ya milango, moja moja, kushoto na kulia kwa idadi sawa. Kaza, pima, ndipo uongeze nyingine. Ukifika 6 mm kwenye sehemu moja na mwanya haujakaa, kagua chasi yenyewe, na vile vikombe vya sakafu vinavyokaa juu ya raba. Kutu hupenda kuvila kwa ndani.

Magari ya wazi juu yasiyo na chasi, kama MGB, yana dalili hiyohiyo, lakini dawa ni tofauti: pale vizingiti ndivyo vinavyobeba gari, na vikikatwa bila gango mlango haufungi tena. Volkswagen Beetle nayo ina mirija ya hewa ya moto inayofanya kazi ya kizingiti. Ikibadilishwa na bodi ikiwa imenyanyuliwa kutoka kwenye sakafu yake, milango huonyesha kosa mara tu bodi inaporudishwa na kukazwa.

---

Kizingiti_Kipya

Nguzo imerudi na imechomelewa. Mwanya kati ya milango sasa ni 4.5 juu, 5 katikati, 5.5 chini, na mlango wa nyuma umeshuka kukutana na mstari wa ubavu. Imebaki fenda na boneti. Matundu ya fenda hayafiki pale ninapotaka. Niyapanue?

---

Gango

Ndiyo, lakini mwishoni. Ilegeze yote, bolti zote zishike nyuzi mbili tatu tu. Kaza kwa mfuatano huu: kwanza ya juu nyuma, karibu na nguzo ya kioo, ya pili ile ya chini inayoshika kizingiti. Hizo mbili ndizo zinazoamua mwanya na mlango. Zipe shimu za 1, 1.5 au 2 mm hadi ukingo uwe sambamba na mlango na uso wake uwe sawa. Hiyo 3 mm iliyopanda, kabla ya kulaumu fenda, angalia kama kuna sealanti kavu au kingo za bati zilizovimba pale inapokaa. Mara nyingi fenda mpya imekalia uchafu wa fenda ya zamani. Kisha kaza za juu kando ya chumba cha injini kutoka nyuma kwenda mbele. Za mbele, kwenye uso wa rejeta, ziache zikiwa zimelegea hadi boneti iingie.

Kama bado haifiki, panua tundu la bolti ya 8 mm liwe refu hadi 12 mm kuelekea upande mmoja tu, na uweke washa pana ya kipenyo cha 24 mm yenye unene wa 2 mm au zaidi. Washa nyembamba itazama na kuvuta bati. Zaidi ya hapo, fenda ina umbo baya: kata mkunjo wake wa ndani kwa msumeno mwembamba, lete ukingo mahali pake, chomelea mkato.

Raba, kwa sababu wengi huzisahau hadi rangi ikauke: zivishe zote sasa, mpya zenyewe, ufunge milango. Raba mpya husukuma mlango nje 3 hadi 6 mm, na nyingine ni ngumu mno haziwezi kulala. Usirekebishe hilo kwa bawaba. Sogeza pini ya kufuli ndani au nje, na uhakikishe mlango haunyanyuki wala kushuka kitasa kinaposhika. Weka ukanda wa karatasi kila baada ya 150 mm, funga, vuta. Kote uvutike kwa kubana kidogo. Pasipobana maji yatapita, na panapokatika karatasi ndipo panaposukuma mlango. Acha milango imefungwa siku kadhaa kabla ya kuamua kwamba raba haifai.

Ukiridhika kabisa, na kabla hujafungua bolti hata moja, toboa matundu mawili ya 3 mm yapite bawaba na nguzo kwa pamoja, kwenye kila bawa la kila bawaba. Mawili, kwa sababu moja linaruhusu bawaba izunguke. Fanya vivyo hivyo kwa fenda na boneti. Baada ya rangi, unachomeka mashina ya biti za 3 mm, unakaza bolti, unayatoa. Chini ya bawaba paka praima ya epoksi nyembamba tu. Rundo la rangi pale ni shimu ambayo hukuipanga.

---

Tupa_Bapa

Na kona ya boneti: toa kufuli, vishikizo vya raba na springi za bawaba, ishike kwa mikono na uishushe ikae yenyewe. Ikilala sawa, basi springi au raba ya kule nyuma ndiyo iliyokuwa inainua kona. Ikibaki juu, legeza bawaba upande wa bodi na ishushe, kisha ulinganishe na ya kulia. Pini za bawaba zilizokauka ni ugonjwa mwingine: bawaba inagoma kukunja, anayefunga anabonyeza kwa nguvu, na boneti inapata mkunjo mbele kidogo ya bawaba. Zitie mafuta mazito hadi zicheze bure. Mkunjo ukiwepo tayari, weka rula ndefu toka mbele hadi nyuma uone ulipo, unyooshe kwa mbao chini yake kabla ya kugusa bolti yoyote. Vishikizo vya raba vya mbele ndivyo vinavyoweka kimo cha kona za mbele. Kufuli irudishwe mwisho kabisa, ikiwa imelegea. Funga boneti taratibu mara mbili tatu ijitafutie katikati, fungua, kaza.